Utepe wa Melita

Kila asubuhi, kabla ya uji wa shayiri, Nikareta alipangusa vumbi kwenye chombo cha muziki cha uzi mmoja shuleni kwao, mjini Taras, enzi za Wagiriki wa kale. Kilikuwa ubao mrefu wenye uzi uliokazwa juu ya vidaraja viwili, kimoja kila mwisho. Kidaraja cha tatu kilisogezwa kati ya hivyo viwili kutafuta sauti. Kwa miaka miwili hakuna mwanafunzi aliyekipiga kumshinda.

Kisha akaja Melita, binti wa mtia nguo rangi ya zambarau. Nikareta alitafuta sauti kwa sikio. Melita alizipata kwa hesabu, upesi zaidi. Jana Mwalimu Evandro alimchagua Melita apige mbele ya wazazi kwenye sikukuu ya Muse, miungu ya nyimbo. Nikareta alimpongeza kwa mdomo tu. Moyoni aliungua.

Leo alikuwa peke yake. Akakisukuma kidaraja cha mwisho ndani kwa upana wa kidole, akapangusa vumbi lililoonyesha mahali pake pa zamani.

Darasa lilipojaa, Mwalimu Evandro alisema, "Nusu ya uzi hutoa sauti ileile, ila ya juu. Walimu wetu walifundisha kwamba nambari kama hizi ndizo zinazopanga hata nyota. Melita, hebu tuonyeshe."

Melita akapiga uzi mzima, akaweka kidaraja cha kati kwenye alama ya nusu iliyochorwa ubaoni, akapiga tena. Sauti hazikupatana hata kidogo.

"Lo! Nyota zimegongana!" alipiga kelele Lisi, mwana wa mfinyanzi. "We Melita, umekula maharage nini?"

Darasa zima likaangua kicheko, maana shuleni pale maharage yalikuwa mwiko. Nikareta alicheka kuliko wote.

Melita hakulia. Alifungua utepe wa nywele zake, akaunyosha toka kidaraja cha mwanzo hadi cha mwisho, akaukunja katikati. Mkunjo haukufika kwenye alama.

"Mwalimu, alama si nusu tena. Kidaraja cha mwisho kimesogezwa."

Akaweka kidaraja cha kati penye mkunjo, akapiga. Sauti ikatoka safi. Kicheko kikakatika. Mwalimu hakumuuliza mtu.

Jioni, kabla ya kula, kila mwanafunzi alitamka alichokosea siku hiyo, kama desturi yao. Lisi alikiri kwamba alimdhihaki mwenzake. Zamu ya Nikareta ikafika. Angeweza kutaja kosa dogo, akae.

"Mimi ndiye niliyesogeza kidaraja," alisema. "Nilimwonea Melita wivu. Nilitaka achekwe."

"Kumbe wewe!" Melita aligeuka. "Na ulivyocheka!"

"Ndiyo. Nisamehe, mwenzangu."

Melita akauzungusha utepe wake kidoleni. "Sawa. Lakini siku ya sikukuu utanikazia uzi. Uzi ukilegea kidogo, mimi sisikii. Wewe unasikia."

Mwalimu Evandro akasema, "Nikareta, ulisogeza kidaraja, hukuisogeza nusu. Melita akiijua nusu, wewe hujapungukiwa kitu. Wivu ulikudanganya kwamba ujuzi ni mkate, mwenzako akila wewe unabaki na njaa. Matokeo yake umeharibu chombo unachokipenda. Umesema kweli, sasa kakitengeneze."

Melita akamnyoshea utepe. Nikareta akaupokea, wakaenda pamoja kupima.