Mvua ya Mgongoni

Nigeuze kichwa chini miguu juu, bado naegemea kulekule. Mimi nani? Shikeni swali hilo, wajukuu, jibu liko njiani.

Katika mtaa wa wachongaji wa mbao za kuchapia picha, pale Edo, Japani ya zamani, kila asubuhi Onui alikoroga gundi ya wali, kisha akafagia maranda ya mbao. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Wiki hiyo baba yake, Mzee Genzo, alimruhusu kwa mara ya kwanza kubandika michoro kwenye mbao, ili kaka yake Tokuji aichonge. Uso wa karatasi hulazwa chini, maana picha ikipigwa chapa hugeuka. Baba alimwonya kwamba akikosea, atarudi jikoni.

Picha ilikuwa ya watu darajani, wamenaswa na mvua. Watu walikuwa na ubao wao, mvua ubao wake. Siku tatu Tokuji alichonga mvua, mistari myembamba kama nywele. Adhuhuri ya siku ya nne mpiga chapa angekuja kuchukua mbao zote.

Asubuhi hiyo Onui alichapa karatasi moja ya kujaribia kwa mbao zote mbili, akaona kosa. Watu wameinamisha miavuli mbele, na mvua inawapiga mgongoni! Karatasi ya mvua alikuwa ameibandika uso juu.

Akamwonyesha Tokuji. Tokuji akaupindua ubao juu chini, wakachapa tena. Mvua ikaegemea kulekule. Jibu mmelipata.

“Nyamaza tu,” Tokuji akasema. “Mnunuzi hanyeshewi na karatasi. Tangu lini mkoroga gundi akawa fundi? Au umelikumbuka jiko?”

Onui akaukumbatia ubao. “Hata nikizeekea jikoni, kaka, huu hautoki mlangoni.”

Baba aliwakuta wakivutana. Akauliza nani alibandika.

“Ni mimi, baba. Nirudishe jikoni, lakini usiupeleke.”

Mzee Genzo aliitazama ile karatasi. Kisha akaugeuza ubao. Nyuma ulikuwa mtupu, laini, haujaguswa na kisu. Mpiga chapa alipofika aliambiwa arudi baada ya siku tatu, akaondoka akinung'unika. Tokuji alinuna, lakini alianza kunoa kisu.

Baba akamsukumia Onui bakuli la gundi na nakala nyingine ya mchoro wa mvua.

“Kosa likisemwa hapa, mwanangu, hubaki kwenye ubao mmoja. Likifichwa, hutembea mjini kwenye karatasi mia mbili. Mwenye kulisema namtaka mezani pangu. Haya, bandika.”

Onui akailaza karatasi, uso chini.