Homa ya Odeta

Kila asubuhi Sabina wa Igogo alichemsha maji ya binti yake kwenye sufuria ya peke yake. Odeta, mwenye miaka kumi na miwili, alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa kurithi wa damu. Miezi mitatu nyuma, huko Dodoma, alipandikizwa uboho wa kaka yake. Uboho uko ndani ya mifupa, nao hutengeneza damu.

Jumamosi moja wifi yake Sabina, Justa, alivuka ziwa kutoka Sengerema na maziwa ya mgando.

"Mtoto amekonda, wifi," alisema. "Anywe haya ya ng'ombe wetu."

Sabina alijua hayakuchemshwa. Lakini aliona aibu kukataa. Odeta akanywa kikombe kizima.

Jumatano mchana Odeta alianza kutetemeka. Kipima joto kilionyesha nyuzi thelathini na nane na nusu.

"Malaria hiyo," alisema Justa, ambaye bado hajarudi kwake. "Mpe panadol alale."

Sabina alishika kidonge, lakini moyo ulikataa. Akamwita jirani yake Nasma, ambaye ni muuguzi.

"Umempa dawa yoyote?" Nasma aliuliza akiwa bado mlangoni.

"Bado."

"Usimpe. Itashusha joto na kutufichia ugonjwa. Twende hospitali sasa."

"Si tumpime malaria kwanza hapo duka la dawa?" Justa aliuliza.

"Watampima huko huko, dada. Tangu apandikizwe uboho, kinga yake bado changa. Bakteria wasiotusumbua sisi wanaweza kumuua yeye leo hii."

Hospitali walichukua damu ya kuotesha maabara ili bakteria waonekane, wakamtundikia dripu ya dawa bila kusubiri majibu. Presha ilikuwa inashuka. Odeta hakumtambua mama yake. Sabina alimshika miguu, iliyokuwa baridi, akashindwa hata kusali.

Siku ya tatu majibu yalitoka.

"Bakteria hawa ni adimu," daktari alisema. "Huenda ni maziwa mabichi, huenda ni udongo. Siwezi kuapa. Ila mngengoja hadi kesho, asingefika." Akabadilisha dawa.

Justa alilia. "Nimemletea ugonjwa kwa mkono wangu."

"Mimi nilijua, nikanyamaza," Sabina alisema. "Kosa ni letu sote."

Baada ya wiki tatu Odeta alirudi nyumbani akitembea mwenyewe.

Mwezi uliofuata joto la Odeta lilipanda tena. Justa, aliyekuja kuwatembelea, ndiye aliyekuwa naye. Hakutafuta kidonge. Alimpigia Nasma simu, na kabla ya nusu saa walikuwa hospitali.

Safari hii yalikuwa mafua tu.

"Samahani, daktari, tumekusumbua bure," Justa alisema.

"Nisumbueni hivi hivi kila mara," daktari akajibu.