Una Karamu, Kaka?

"Una karamu, kaka?"

Kijana aliyeegemea basi la Biharamulo aligeuka. Stendi ya Ngara ilikuwa inachemka asubuhi ile, mikungu ya ndizi inarushwa juu ya basi, wapiga debe wanagombania abiria, na magari meupe ya mashirika yanapita yakiwamwagia watu vumbi la kambini. Mbele yake alisimama binti mwenye gauni la kitenge cha njano lililomkaa barabara, mkononi ana bahasha isiyoandikwa anwani.

"Karamu ya nani tena, dada? Mbona sikualikwa?"

"Karamu ya kuandikia!"

"Aa, kalamu."

"Si ndivyo nirivyosema?"

Kijana alicheka hadi kofia ikamwanguka. Akampa kalamu yake, na mpaka basi linaondoka hakuwa ameirudisha wala hakuwa ameidai.

Binti aliitwa Akimana, wa Kibimba, mjukuu wa watu waliovuka kutoka Burundi zamani na kulima huko hadi wakawa wenyeji. Alikuwa ametoka chuoni Dar es Salaam na shahada ya hisabati za fedha. Kiswahili chake kilinyooka kama cha redioni, isipokuwa akifurahi au akiwa na haraka, hapo ulimi ulirudi Kibimba na kila L ikageuka R. Kijana alikuwa Ndassa, Msukuma, mtu wa shirika lililopeleka chakula kambi ya wakimbizi ya Lukole. Na yeye, loo, alisoma somo lile lile, akamtangulia madarasa mawili.

"Sasa msomi, unazipeleka wapi hesabu zako?" Ndassa alimuuliza siku walipokunywa chai pamoja.

"Benki, bima, mfuko wa pensheni. Popote watu wanapoogopa kesho, pana kazi yangu. Na wewe, shahada nzima unakokotoa maharage?"

"Nakokotoa wangapi watavuka mpaka na watakula nini. Hesabu ni zile zile, mpenzi, ila hizi zina njaa."

"Kufundisha je?"

"Chaki?" Ndassa akakunja pua. "Chaki ni ya walioshindwa."

Wakapendana. Ndassa alimwita Karamu wangu, na Akimana akijifanya kununa alimfinya sikio. Kilichowatibua kidogo ni Gozbert, wakala wa forodha wa mpakani Rusumo mwenye kitambi na gari la kifahari, aliyetuma wazee kwa mzee Habonimana, baba wa Akimana, kumposa binti yake. Akimana alikataa. Ndassa alisema hana wivu, akalisema mara nyingi mno kwa mtu asiye na wivu.

Kisha kampuni moja ya bima ya Dar es Salaam ikamwita Akimana kazini. Baba yake, aliyekuwa hataki binti aende mbali, akalegea. Akimana alikimbia hadi juu ya kilima panaposhika mtandao, kanga ikimponyoka, akapiga simu.

"Haro! Ndassa! Nimepata mahari! Baba naye amekubari! Naondoka Jumamosi!"

Upande wa pili palikuwa na mngurumo wa lori.

"Hongera," Ndassa alisema, na simu ikakatika.

Haikupokelewa tena. Akimana alipiga akachoka, akatuma ujumbe, akatuma mtu. Hakujibiwa.

Jumamosi alisimama stendi na blauzi nyeupe aliyoipiga pasi kwa ajili ya kuagwa. Ndassa alifika kweli, juu ya pikipiki, na nyuma yake msichana wa nywele za dawa amemkumbatia kiuno. Alipunguza mwendo mbele ya Akimana, akamtazama usoni, akapunga mkono, akapita.

Akimana hakulia. Aliingia ndani ya basi, akakaa dirishani, akasema kwa sauti hata jirani yake akageuka, "Huyu nitamlipa. Hata nikizeeka, nitamlipa."

Na Dar es Salaam hakusahau. Kazi yake ilikuwa kupima hatari, ili kampuni ijue bima ya kila chombo iwe kiasi gani. Kila alipokokotoa uwezekano wa dereva wa pikipiki kuvunjika mguu, alimfikiria mtu mmoja, na alitamani mguu huo uwe wa mtu huyo. Alipandishwa cheo. Chuki ilimfanya asichoke, na ukweli usemwe, ilimpendeza pia.

Miaka ikapita, wakimbizi wakaanza kurudi kwao, mashirika yakafunga ofisi zake Ngara. Kampuni ikaamua kufungua tawi mjini hapo kwa ajili ya malori ya Rusumo, ikampeleka Akimana kuwa mkuu wake. Ilitangazwa nafasi moja ya mkokotoaji msaidizi. Miongoni mwa walioomba alikuwamo Ndassa.

Akimana angeweza kumkata mapema. Hakumkata. Alimwita, akamweka wa mwisho, akamwacha barazani tangu asubuhi amevaa suti nyeusi jua likimchemsha. Jioni wajumbe wenzake wa usaili walipokwenda kunywa chai, akamwita ndani peke yake. Alikuwa amevaa koti la zambarau na viatu virefu alivyovinunua kwa ajili ya saa hiyo.

"Kwa nini umeacha shirika?"

"Linafungwa, madamu."

"Benki?"

"Wanataka vijana waliomaliza jana."

"Pensheni?"

"Walisema nisubiri."

"Na chaki?"

Ndassa alilegeza tai. Akimana aliona, akafurahi moyoni.

"Umesikia lori la mteja limepinduka Rusumo. Hujaliona. Utafanya nini?"

"Nitakwenda. Nitamuuliza dereva kabla sijaamua chochote. Bila kuuliza ni dhuluma."

"Vizuri sana." Akimana aliinama mbele. "Mimi mbona hukuniuliza?"

Ndassa alinyanyuka nusu, akakaa tena. "Nikuulize nini? Si ulinipigia mwenyewe ukishangilia? Umepata mahari, baba amekubali, unaondoka Jumamosi. Gozbert alikuwa ametuma wazee! Nilikaa chini barabarani kama mwehu, malori yananikwepa."

"Nilisema mahari?"

"Mahari. Nalisikia mpaka leo."

Akimana alilijaribu neno mdomoni, polepole. Uso ukambadilika.

"Mahali, Ndassa! Mahali! Mahali pa kazi!"

Nje mtu alikuwa anafungua kibanda cha chipsi.

"Na yule wa pikipiki?"

"Francisca? Mke wa mpishi wetu. Nilimwomba apande. Nilitaka uumie."

"Niliumia."

"Mimi pia. Sijawahi kupanda pikipiki tena."

"Wewe!" Akimana alipiga meza. "Ngara nzima ingekosea, wewe usingekosea! Wewe uliyenicheka kwa karamu siku ya kwanza!" Machozi yalimtoka, na yalimuudhi, maana alikuwa ameilea chuki ile miaka yote na sasa hakujua aiweke wapi. Alijifuta, akajinyoosha.

"Kazi hupati."

"Najua."

"Hujui. Anayesikia neno moja na kulipiza papo hapo atatufilisi. Kazi ni ya Nkeshimana, mwombaji mwenzako, amekushinda kwa haki. Ila kwetu Kibimba wanatafuta mwalimu wa hesabu." Akatabasamu kwa mara ya kwanza, na kisasi kilikuwa kitamu kama alivyotarajia. "Chaki, Ndassa. Ile ya walioshindwa."

Ndassa aliinamisha kichwa. "Nitakwenda."

Alikuwa ameshika kitasa aliposikia sauti nyuma yake, ya haraka, ya kwao kabisa.

"Ukifika Kibimba, pita nyumbani. Kamuurize baba mahari."

Ndassa aliachia kitasa. Akageuka taratibu, jasho linamtiririka ndani ya suti.

"Akimana. Mahali... au mahari?"

Akimana alichukua kalamu mezani, kuukuu, kifuniko kimetafunwa. Ndassa aliitambua.

"Angalau leo umeuliza," akasema. Kisha akalitamka kwa ulimi wa shule, kila herufi mahali pake. "Mahari. Tena uende na ng'ombe wa Kisukuma, wengi, na usithubutu kuomba punguzo."