Kushoto Ukitoka Posta

"Rudia hapo. Umesema nyumba ipi?"

Mzee hakuitazama picha tena. Alimkazia macho mkwewe mtarajiwa, fundi wa kuchapa na kutundika picha. Kijana wa watu hakushtuka, maana alikuwa na furaha ya mtu anayeonyesha kwao. Akanyoosha kidole kwenye picha kubwa ukutani: mtaa wa zamani wa mji mkuu, umati wa watu, na nyumba mbili za roshani zikitazamana.

"Hii ya kushoto, baba. Ilikuwa ya babu yangu mzaa mama. Huyu mtoto aliyetoa mguu nje ya roshani ni marehemu mama. Nimemtambua kwa picha zake za utotoni."

"Mpiga picha alisimama wapi?"

"Kwenye ngazi za posta."

"Kwa hiyo ni kushoto ukitoka posta."

"Ndiyo, baba."

"Usiniite baba."

Binti yake aliacha kubandika maelezo. Yeye ndiye msimamizi wa maonyesho haya ya picha za kale, na ndiye aliyemwalika mzee azione kabla ya wageni wa kesho. Harusi yake na fundi ilikuwa mwezi ujao. Kadi zimeshachapishwa, shangazi wameshagombania sare. Nani angejua?

"Baba, kuna nini?"

"Nilikuwa mdogo, sijaanza hata shule. Baba yangu alijificha stoo, polisi wakazunguka mtaa mzima wasimwone. Jirani akatoka akawaonyesha kwa kidole. Baba hakurudi. Mama alinikaririsha mpaka anaingia kaburini: nyumba ya kushoto ukitoka posta. Leo unaniletea mjukuu wao, eti nimkabidhi mwanangu?"

"Pole sana, mzee," fundi akasema. "Hilo sikulijua."

Binti akamshika baba yake mkono wakatoka. Hakugeuka nyuma. Jamani, mchumba wako amesimama pale kama kamwagiwa maji, hata jicho la pole usimpe?

Jioni fundi alipiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena. Mwishowe akaandika.

"Tafadhali pokea. Kuna jambo la muhimu."

"Sina la kusikia. Baba hajala tangu turudi."

"Mimi nilikuwa sijazaliwa. Mama yangu mwenyewe alikuwa mtoto."

"Damu ni damu. Pete nimeivua. Naomba usinitafute."

Kwenye skrini ikaonekana fundi anaandika. Ikakatika. Anaandika tena. Kisha kimya, na binti akalia mpaka mto ukalowa.

Asubuhi aliwahi kazini peke yake, macho yamevimba, akaenda kusimama mbele ya ile picha. Alitaka kuichukia roshani. Badala yake akajikuta anawatazama watu barabarani, na kuna kitu hakikukaa sawa. Mifuko yote ya mashati ilikuwa upande wa kulia wa kifua. Kila mwenye saa kaivaa mkono wa kulia. Vifungo navyo vimefungwa kama vya blauzi. Mtaa mzima wanaume wameazima nguo za wake zao? Haiwezekani.

Picha ilikuwa imegeuzwa. Filamu za zamani zina upande unaong'aa na upande uliofifia. Ukiilaza filamu vibaya kwenye skana, ile mashine ya kunakili picha, kushoto kunakuwa kulia.

Akampigia mzee.

"Baba, picha imegeuka. Nyumba yao ilikuwa ya kulia. Sio wao."

"Una hakika?"

"Kabisa."

Mzee akashusha pumzi. "Basi nimemkosea mtoto wa watu. Nakuja."

Binti alikimbia mpaka chumba cha kazi cha fundi. Alimkuta anakaza fremu.

"Picha imegeuzwa. Tazama mifuko ya mashati."

"Najua."

Mezani kulikuwa na picha ile ile, safari hii imesimama sawa, iko tayari kutundikwa.

"Umejua lini?"

"Jana, mlipotoka tu. Nilirudi kwenye filamu yenyewe. Haraka zangu, nililaza upande sio."

"Na hukuniambia?"

"Nilipiga, hukupokea. Nikaandika, nikafuta."

"Ukafuta? Baba hajalala, mimi nimelia kama nimefiwa, wewe ukafuta?"

"Uliponiambia damu ni damu, nikataka kuona utakuja bila ushahidi, au utakuja nao."

"Kwa hiyo ulikuwa unanipima."

"Nilikupima, na nimekosa. Hilo langu. Lakini nijibu moja. Mifuko ya mashati ingekuwa mahali pake, leo ungekuwa hapa?"

Alitaka kusema ndiyo. Ingekuwa uongo, na machozi yakatangulia.

"Haya," fundi akasema taratibu. "Shika upande huo, tukaitundike. Wageni wanakaribia."

Wakaitundika. Mzee alipofika alikwenda moja kwa moja kwa fundi, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mwanangu, nisamehe."

"Yameisha, baba."

Kwa mzee yaliisha papo hapo. Kwa binti, fundi hakutupa hata jicho, na binti alijua anavuna alichopanda.

Ukumbi ulipojaa, mwanamke mmoja mcheshi akamgusa binti bega.

"Dada, samahani. Hii nyumba ya kushoto, yenye roshani, ilikuwa ya bibi yangu. Naomba nipige nayo picha nimtumie mama."

Mzee aligeuka.

"Ya kushoto?"

"Ndiyo, mzee. Unaijua?"

Fundi alikuwa hatua chache kutoka pale. Alisikia, akasimama. Binti akaingia katikati.

"Baba, usiseme."

"Unajua walichotufanyia."

"Najua. Na jana nilimtupa mtu asiye na kosa kwa ajili hiyo hiyo, nikamvulia na pete. Huyu naye hakumwonyesha mtu kwa kidole. Nikasirikie ukitaka, baba, lakini simwachi aondoke hapa analia."

Mgeni aliwatazama asielewe. Binti akajifuta macho, akampokea simu.

"Simama hapa, dada, mwanga mzuri. Sogea kidogo, roshani ionekane."

Mzee alibaki amesimama. Halafu akapiga hatua pembeni, akatoka mbele ya kamera. Fundi akamletea kiti, akamkalisha, akamshika bega mpaka pumzi ikatulia. Kisha akaja kusimama karibu na binti.

"Bado nina hasira na wewe."

"Najua."

"Jioni nitakuja kwenu, na hasira zangu."

"Njoo nazo."