Kambi ya Kisiwani Yajaribiwa Buyenzi

Kila asubuhi kule mtaani Buyenzi, kabla chai haijachemka, Raihana alikuwa ameshafagia ua na ameshamsaidia bibi yake, Bibi Adija, kutoka kitandani mpaka kwenye kiti chake cha barazani. Goti la Bibi lilikuwa na hasira zake. Siku likiamka vizuri, Bibi alitaniana na avenue nzima, yaani barabara yao yote. Siku likigoma, aliletewa maji ya udhu palepale kitini, na Raihana ndiye wa kumwagia.

Jumamosi ile Raihana alimwaga maji mpaka kwenye miguu yake mwenyewe.

"Wee mutoto! Ni mi natawadha ao ni wewe?"

"Samahani Bibi. Niko nawaza kisiwa."

Nani asingewaza? Nyumbani kwao kulikuwa na desturi: mtoto akihitimu Juzuu Amma kwenye madrasa, yeye ndiye anachagua mahali familia itaenda kufurahi siku za Idi. Kaka yake Uthmani alipohitimu, alichagua ufukwe wa ziwa kule Ruziba, wakala samaki mukeke wa kuchoma mpaka matumbo yakaomba msamaha. Zamu ya Raihana ilipofika, akatupa jicho mbali: kisiwa cha Ndubi, kulekule ziwani lakini upande wa Kigoma. Tena si kwenda na kurudi. Kulala! Kwenye kambi, nje, kama wasafiri! Uthmani alisikia habari hiyo akapiga mwereka peke yake uani kwa furaha.

Hata Bibi alichangamka. Yeye alizaliwa Ujiji, amekulia kwenye maji ya ziwa hilohilo, na tangu goti liharibike hajayagusa.

"Mi nataka kitu kimoja tu," alisema. "Niweke miguu yangu mu ziwa, wajukuu wangu wakuwe kandokando yangu. Basi. Hata mukinirudisha palepale, sawa."

Kambi zilikuwa mbili, zote picha zake ziko kwenye simu ya mama. Ya kwanza ilikuwa ya mwanamke mmoja anaitwa Mama Assia, chini kabisa ufukweni: vibanda vya nyasi, taa za mafuta, hakuna umeme. Ya pili ilikuwa juu kilimani, nayo ilikuwa na nyumba ndogo ya mbao juu ya mti. Juu ya mti, jamani! Na ngazi ya kamba. Raihana aliiona picha ile, ile nyingine hakuitazama tena. Akapiga simu hukohuko kilimani.

"Maji yako karibu?" aliuliza kama mama alivyomwagiza.

"Hapana, binti," mwenye kambi alijibu bila kuficha. "Maji ni ya ziwani. Mnashuka kilima, mnajaza, mnapanda nayo. Wageni wetu wengi ni vijana, hawaoni shida."

Raihana akakata simu. Mama yake, Khadidja, akauliza toka jikoni, "Wanasema je? Maji iko karibu?"

"Eeh mama, iko karibu tu!"

Ulimi ulikimbia, kichwa kikabaki nyuma. Na neno likishatoka, ndiyo limetoka.

Baba yao, Papa Twahiru, alirudi kula chakula cha mchana, mikono myeusi ya mafuta ya gari. Akaangalia picha ya mti, akatabasamu. "Sawa. Lakini kwanza tunafanya essai."

Papa alikuwa fundi, na kwa garaji yake hakuna gari inatoka bila essai, yaani bila kujaribiwa barabarani. Tena kuna sheria: aliyefunga boulon, yaani bolti, ya mwisho ndiye anapanda wa kwanza. "Boulon yake ikilegea," Papa hupenda kusema, "ilegee na yeye ndani."

Basi wakajaribu kambi palepale uani. Papa alifunga turubai kutoka ukutani mpaka kwenye kamba ya nguo. Wakatandika mikeka. Mama akapika kwa kuni, mawe matatu, moshi ukamliza, akacheka huku analia. Watoto wa jirani wakapanda ukuta kuchungulia.

"Ee Uthmani, mumefukuzwa mu nyumba?" aliuliza Joëlla wa parcelle ya pili, ua wa jirani.

"Apana! Tuko kisiwani! Ukitaka kuja, tafuta mutumbwi!"

Bibi Adija aliingia chini ya turubai akijikokota, pole pole, anacheka na kuugulia pamoja. Alikuwa amekuja na kifuko chake tayari: kitenge, msala, na birika yake ya udhu. Adhana ya alasiri ikaita.

"Raihana, nipe maji. Unajua, nilikuwa naogopa hii safari. Nikawaza, goti likikataa huko, swala zangu nitafanya je? Lakini ulisema maji iko karibu. Sasa siogopi kitu. Nimeshapigia ndugu zangu wote wa Ujiji, nimewaambia nakuja!"

Raihana alisimama na birika mkononi. Birika tupu, lakini aliisikia nzito kama ndoo. Akauona mti, na ngazi ya kamba. Akamwona Bibi chini ya kilima, ameketi juu ya jiwe, watu wote wako juu.

"Bibi," alisema, "maji haiko karibu."

Akaeleza yote: kilima, maji ya kupandisha, simu aliyoikata.

"Ayayaa," Uthmani alinong'ona, "mutumbwi imetoboka."

Mama alifungua kinywa, lakini Papa aliinua mkono.

"Boulon ya mwisho alifunga nani?"

"Ni mi, papa."

"Basi panda wa kwanza. Bomba yetu tunaifunga. Beba bidon, enda kwa bomba ya kule karibu na soko, urudi."

Raihana akaenda mbio. Kurudi hakukuwa mbio. Bidon, yaani dumu la maji, ilimvuta bega, mfuniko ukalegea, maji yakamlowesha gauni mpaka viatu. Alipofika, kilichobaki kilimtosha Bibi udhu, na tone la ziada hakuna.

"Hiyo ni swala moja," Papa alisema taratibu. "Na hapa hakuna kilima."

Raihana aliweka bidon chini. Alichukua simu, akampigia Mama Assia, akaongeza sauti ili nyumba nzima isikie.

"Bomba lipo mlangoni, mwanangu," Mama Assia alisema. "Ziwa lipo hapo mbele, mchanga mtupu. Choo ni cha shimo, lakini nakiosha mwenyewe. Umeme usiulize! Na nyumba ya mti sina. Ila miti ninayo."

"Bibi anaweza kufika mu maji peke yake?"

"Akija na fimbo, anafika."

Bibi akapiga vigelegele. Papa akatoka, akarudi kutoka garaji anasukuma tairi kuukuu. "Miti anayo," alisema, "pneu tunayo."

Siku ya Idi tairi ile ilining'inia kwenye mti wa ufukweni, Ndubi. Raihana ndiye aliyefunga fundo la mwisho, kwa hiyo ndiye aliyepanda wa kwanza. Akaruka juu ya maji, akapiga kelele mpaka ndege wakahama. Kisha wakaishusha kamba, wakamkalisha Bibi Adija mle ndani ya tairi, miguu yake miwili ikaingia ziwani.

Papa akamshika Raihana bega. "Unaona, mutoto wangu. Gari yenye kufichwa ugonjwa haikufagi kwa garaji. Inakufaga mu njia, na watu ndani. We ulisema ukweli tukiwa bado kwa garaji. Siku ingine, useme kabla ya essai."

"Ndiyo, papa."

"Hayo maneno mutamalizia jioni!" Bibi aliita toka majini. "Saa hii musukume!"