Kinyozi na Mti Usioota Kama Nywele

Ndugu zangu, sogeeni karibu, na mwenye mkasi mkononi auweke chini kwanza.

Nyumba ninayoisimulia imepakana na yangu ukuta kwa ukuta, hivyo mengine niliyasikia bila kutaka, na mengine nilitega sikio. Ilikuwa nyumba tulivu. Asubuhi mama mwenye nyumba hufagia huku akiimba, mwanawe huenda kazini, na mkwe wake huenda kwenye bustani ya miche alikoajiriwa. Kisha mzee wao, kinyozi aliyenyoa watu kwa miaka arobaini, akastaafu. Amani ikafungasha virago.

Tulimwita Sawasawa, maana hakuvumilia kitu kilichopinda. Nzi akitua bega la kushoto la mteja, Sawasawa alisubiri atue mwingine bega la kulia ndipo aendelee kunyoa. Nasema kweli, nzi wa pili nilimleta mimi.

Sasa, alipokosa vichwa vya kunyoa, aliwageukia watu wa nyumbani.

"Mkwe, vikombe havipangwi hivyo. Mikono yote itazame dirishani."

"Wewe, mlango haufungwi hivyo."

Pazia, chumvi, hata mtu anavyocheka, vyote alivisahihisha. Mkwe alijibu "Sawa, baba" mara ya kwanza na mara ya mia. Mwishowe akaacha kujibu. Mezani ikabaki sauti ya vijiko.

Siku moja mkwe akamletea mkuyu mchanga ndani ya chungu kipana kama sahani.

"Baba, huu unaitwa bonsai. Unatunzwa ubaki mdogo, lakini uwe na umbo la mti mzee. Mikono yako itapata kazi. Nikuelekeze?"

"Unielekeze mimi kukata? Nimenyoa majaji, sembuse kijiti!"

Akapunguza kushoto. Kulia kukaonekana kumezidi, akapunguza kulia. Kushoto nako kukazidi. Utomvu mweupe ukamchuruzika vidoleni. Akaufuta kwa taulo, akaupaka mti poda. Adhuhuri mkewe akatoka kutazama.

"Mume wangu, mti uko wapi?"

"Si huo hapo."

"Huo ni mwiko wa kusongea ugali."

"Utarudi wiki mbili tu. Kwani nywele hazirudi?"

Matawi mawili yaliyosalia akayakaza kwa waya, yakanyooka pande zote mbili kama masharubu.

Wiki mbili zikapita, hata jani moja halikutokea. Ya tatu ikapita. Jumamosi moja akakuta makatoni mlangoni.

"Baba, tumepata vyumba," mwanawe akasema. "Tunahama mwisho wa mwezi."

"Kwa nini? Nani kawafukuza?"

Mwana akamtazama mkewe. Ndiye aliyejibu, kwa upole: "Baba, humu ndani hata kupumua tunaona tunakosea."

Sawasawa akanyamaza. Hajawahi kunyamaza yule. Mimi huku ng'ambo ya ukuta nilidhani amefariki. Kisha akaenda, akaleta chungu kwa mikono miwili, akakiweka juu ya katoni.

"Mwanangu, mti wako nimeuua. Nifundishe."

Mkwe akakwaruza gome kidogo kwa ukucha. Chini yake palikuwa na kijani kibichi.

"Haujafa, baba. Umechoka tu."

Mzee akashika waya aufungue.

"Usiuzungushe, tawi litavunjika. Waya hukatwa kipande kipande."

Ulipotoka, gome lilikuwa limeachwa na alama za kuzunguka.

"Zitafutika?"

"Nyingine zitabaki."

"Sasa nifanyeje?"

"Uweke penye mwanga. Mwagilia udongo ukikauka juu. Mkasi nipe mimi."

Akautoa kama mtu anayeng'olewa jino. "Na vikombe je?"

"Na vikombe pia, baba."

Hawakumwahidi kitu. Makatoni yalikaa palepale mlangoni, na mzee akawa anakalia mikono yake. Vikombe vilitazama kila upande wa dunia. Nilimsikia akihema kama anapanda ghorofa ya kumi, lakini hakusema neno.

Siku tatu kabla ya kuhama, shina tupu likatoa machipukizi mawili. Yote kushoto! Kulia hakuna kitu. Mara hii nilipitia mlangoni kama watu wengine. Mkwe akamrudishia mkasi.

"Nikate lipi?" mzee akauliza.

"Wewe unaonaje?"

Akautazama sana mti. Shingo yake ikainama ili ulingane naye.

"Umelalia upande mmoja."

"Ndiyo, baba."

"Basi uacheni. Unapendeza."

Mkwe akacheka, kicheko kilekile kilichowahi kusahihishwa. Mwana akafungua katoni ya kwanza, akatoa vikombe na kuvirudisha kabatini ovyo. Sawasawa akatazama dari.

Funzo lenyewe

Wazazi wenzangu, kumsahihisha mtu kila saa si malezi. Nyumba ikinyamaza usidhani imekubali, huenda inafungasha. Uliza kabla ya kukata, hata kama anayejua ni mdogo kwako, kwani kufundishwa hakumpunguzii mtu ukubwa. Na ukiwa umeshaharibu, usikate tamaa: kubali kosa, ondoa waya wako taratibu, kisha ngoja. Alama zitabaki, lakini chini ya gome mara nyingi kuna kijani.

Mzee, ingawa amestaafu, huninyoa mimi kila Jumamosi. Siku hizi upande mmoja huuzidi mwingine. Sijalalamika.