Pembe za Sanduku la Zahanati

Kila Jumamosi, baada ya kuteka maji na kuwaamkia wazazi, Yustina alishika njia ya karakana ya ushirika wa maseremala, Temeke. Enzi zile za Ujamaa, shule yao ilitaka mikono ifunzwe pamoja na kichwa.

Baba yake, Mzee Kasimiri, alikuwa mchonga vinyago kutoka kusini. Kwao rula haikuwa na kazi. Jicho na kidole gumba vilitosha. Yustina alijivunia jicho hilo.

Siku hiyo Fundi Mwishehe alimpa kazi ya kutega mashine ya ruta. Kisu chake kilitokeza katikati ya meza na kuchonga meno kwenye ncha za mbao, ili ziumane pembeni bila msumari. Ubao mmoja hulazwa mezani, wa pili husimamishwa ukiegemea ukingo ulio nyuma ya kisu, na kimo cha kisu hakibadilishwi. Masanduku ya dawa ya zahanati ya Tabata yangeungwa hivyo. Fundi alimwambia akitega vizuri, mashine hiyo itakuwa mikononi mwake mwaka mzima. Akiharibu, atarudi kwenye ufagio.

Umeme ukiwa umezimwa, Yustina aliokota vipande viwili vya mbao chini ya meza, akatega kimo cha kisu kwa jicho. Fundi aliwasha mashine, akavipitisha. Vikaumana kama vidole vya mikono miwili. Akapitisha mbao mbili za sanduku, akazima umeme, akaenda kuswali adhuhuri.

Yustina alipoziunga mbao hizo, pembe ilipishana na ufa ukabaki wazi.

“Mchonga vinyago, hicho kinyago chako kina pengo,” Jabiri, mwanafunzi mwenzake, alimtania. Kisha akanong'ona, “Changanya gundi na vumbi la mbao, ujaze. Macho ya Fundi hayaoni vizuri siku hizi.”

Yustina alichovya kidole kwenye gundi. Aliukumbuka ufagio. Akazikumbuka na chupa za dawa zitakazobebwa humo. Akafuta kidole kwenye sketi.

Fundi aliporudi, alimkuta amesimama na ubao mkononi.

“Fundi, nimeharibu. Pembe haziumani, na sijui kwa nini.”

Fundi hakugomba. Alimwambia apapase kile kipande cha majaribio, kisha ubao wa sanduku. Kidole gumba kikamwambia papo hapo: kipande kilikuwa kinene zaidi, na kimo cha kisu kilikuwa kimefuata unene wake.

Akaomba aanze upya. Alikata vipande vya majaribio kwenye masalio ya mbao zilezile za sanduku, zilizopigwa randa pamoja, akashusha kisu kidogo. Fundi akavipitisha, pembe bado ikapishana. Akashusha tena, akazidisha, akapandisha unywele mmoja. Jasho lilimtoka, lakini hakuondoka mezani mpaka ukucha wake ulipopita juu ya kiungo bila kukwama.

Jabiri aliuliza kama sasa Yustina arudi kufagia.

“Ufagio utaushika wewe,” Fundi alisema. Kisha akamgeukia Yustina, akaitazama alama ya gundi na vumbi kwenye sketi yake. “Jicho la baba yako ni zuri, mwanangu, ila kinyago hakina mwenzake wa kuumana naye. Sanduku linao. Ukijaribu kitu, kijaribu kwa kilekile utakachokitumia. Na wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema uuzibe kwa vumbi. Haya, lete mbao.”